Nia ya Mzee wa Tochi

Mtu aliyekuandikia faini mara tatu humwiti kwa jina lake, hata akistaafu. Xavery aliacha kazi ya utrafiki miaka kumi iliyopita, na mpaka leo hapa Nakwa, nje kidogo ya mji wa Babati, anaitwa Mzee wa Tochi. Mimi siku zote nimemwita Baba Michael, kwanza kwa sababu nilimfundisha Michael darasa la nne, pili kwa sababu sina gari. Wenye magari ndio waliokuwa na kinyongo naye, na kinyongo cha mwenye gari hakifi haraka.

Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye barabara ya Singida, karibu na kibao cha hamsini, ameshika kile kifaa cha kupimia mwendo ambacho nchi nzima inakiita tochi. Madereva waliwashiana taa kumkwepa, naye akahama kutoka mti huu kwenda mti ule. Hakupokea kitu na hakusamehe mtu. Shemeji yake mwenyewe alimwandikia faini akiwahi mazishi, kisha jioni wakakutana kwenye matanga na Xavery akampa pole ya msiba kana kwamba hakuna lililotokea. Anselimu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, enzi zile akiendesha Canter la vitunguu, alikamatwa mara tatu. Mara ya tatu tochi ilisoma hamsini na nne.

"Nne, Mwalimu!" huniambia mpaka leo. "Kwa ajili ya nne!"

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba mtu huyu aliupenda mwendo kuliko wao wote. Aliniambia mwenyewe, siku moja nilipompelekea ratiba ya jumuiya tukakaa kwenye benchi lake chini ya dirisha. Alisema mwaka mmoja lilipita gari jeupe, tochi ikasoma mia moja sabini na moja. Alipiga simu mbele, gari likasimamishwa, akaenda akaandika faini kama sheria inavyotaka.

"Mkono ulikuwa unaandika, Mwalimu," alisema, "lakini moyo ulikuwa unapiga makofi. Nilitamani kumwambia yule kijana arudie."

Alipostaafu, Michael alimtumia simu janja kutoka Dodoma. Wastaafu wenzake walizitumia simu zao kufuatilia mpira na kutumiana dawa za presha. Yeye sijui alibonyeza nini, akaangukia kwa watu wa chumvi.

Niwaeleze watu hawa kama alivyonieleza, maana nilimsikiliza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Huko Australia, upande wa kusini, kuna ziwa la chumvi ambalo hukauka likawa tambarare jeupe, gumu, halina mwisho. Mwezi wa tatu, kwa wiki moja tu, watu huenda pale kujaribu kuvunja rekodi za mwendo kasi wa nchi kavu. Si makampuni makubwa. Ni mafundi wa kawaida waliojenga magari yao wenyewe kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba, kwa mikono na kwa ukaidi. Magari yamegawanywa madaraja kama mabondia, na kila daraja lina rekodi yake.

Kati yao wote Xavery alichagua mmoja: mzee fundi bomba mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na sita sasa, aliyejenga gari jembamba lenye injini ya pikipiki. Mkewe huwapikia, bintiye hupima muda. Rekodi ya daraja lao ni kilomita mia tatu tisini na mbili kwa saa, na wameikimbilia miaka kumi na tisa bila kuifikia. Sisi tulimwita Mzungu wa Xavery. Kwa nini alimchagua yule, wakati wapo waliokuwa wanashinda, nilimuuliza. Alisema ameona picha moja ya yule mzee amelala chini ya gari, soksi zake zimetoboka, akajua huyu ni mtu wa kweli.

Ipo sheria moja ya mchezo huo ambayo lazima muijue, kwa sababu ndiyo iliyotuletea kilio siku moja. Kwenda peke yake hakuhesabiwi. Gari likishakimbia upande mmoja, sharti lirudi kwenye njia ileile ndani ya muda waliopewa, halafu mwendo wa kwenda na wa kurudi unajumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Mwaka wa sita tangu Xavery aanze kuwafuatilia, gari lilikwenda kwa mia tatu tisini na sita. Rekodi ilikuwa imevunjwa kwa upande mmoja. Wakaligeuza, wakaliwasha, injini ikapasuka kabla halijafika nusu ya njia.

Asubuhi hiyo Xavery alikataa uji. Mkewe, Conjesta, akamuuliza kuna nini. Akajibu, "Wamekwenda. Hawakurudi."

Conjesta alipiga ukunga uliotutoa majumbani. Mimi nilitoka na unga mikononi, wanawake wakafika wamejifunga khanga viunoni, mtu akaanza kuuliza nani aende kumjulisha padre. Tulikuta mzee amekaa kitini anatazama simu, na marehemu ni injini. Tulicheka wiki nzima. Conjesta hakucheka, alikuwa ameshalia machozi ya kweli na hakujua ayapeleke wapi.

Baada ya hapo ndipo walipoandika jina lake kwenye gari. Hakuwa amewapa kitu. Ila miaka yote hiyo, kila walipobandika habari yao mtandaoni, hata ya kununua parafujo, yeye alikuwa wa kwanza kuandika neno la kuwatia moyo kwa Kiingereza chake cha barabarani. Bintiye yule mzee aliandika kwa rangi nyekundu, karibu na mkia: XAVERY, BABATI. Picha ya maandishi yale Xavery aliipeleka ikachapwa mjini, akaitundika ukutani juu ya picha yake ya siku ya kustaafu.

"Fikiria, Mwalimu," alisema. "Jina langu mimi, kwa mia tatu tisini na mbili kwa saa. Mimi niliyewakamata watu kwa hamsini na nne."

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, yule mzee aliandika kwamba daktari amemruhusu kuendesha kwa mara ya mwisho. Moyo wake hauko sawa. Wiki ile ya mwezi wa tatu ikipita bila kukimbia, gari linauzwa vipande. Na tayari mawingu yalikuwa yanatembea upande wao, maana kwenye chumvi adui si upepo tu. Mvua ya siku moja hugeuza njia nzima kuwa tope, na wiki inakwisha.

Wakati huohuo sisi huku mvua ilikuwa imetutupa. Tulipanda mwezi wa kumi na mbili, ikanyesha vizuri, tukafurahi, tukapalilia. Kuanzia katikati ya mwezi wa pili, kimya. Mahindi yalianza kutoa mbelewele yakiwa yamekunja majani kama sigara. Mkulima yeyote wa hapa atakwambia kwamba hindi likikosa maji wakati huo, utavuna magunzi. Nilikuwa na ekari moja. Anselimu alikuwa na nne na nusu, na alikuwa ameuza ng'ombe wawili kuzihudumia.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Tunasali, tunasoma Injili, kisha kila mwenye nia anaitaja na wote tunaitikia. Miaka yote hiyo, kila ikifika Kwaresima, Xavery alikuwa na nia moja: "Namwombea ndugu yangu aliye mbali, aende salama na arudi salama." Tuliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Wengi wetu tulidhani ni mgonjwa anayekwenda hospitali. Kumbe jumuiya nzima ilikuwa inaliombea gari.

Jumamosi ile ya kwanza ya mwezi wa tatu tulikuwa kwa Anselimu mwenyewe. Alianza yeye. Aliomba mvua, na sauti ilimkatika, mtu mzima yule, tukaitikia kwa nguvu. Nikaomba mimi, nikaomba mvua. Kisha Xavery akasimama. Hakuwa amelala vizuri, nilimwona. Mtu wa namba na vibao hajui kuzungusha maneno, akasema wazi:

"Nami naomba kwamba kule ziwani kwa ndugu yangu, Australia, mvua isinyeshe kwa siku tisa, mpaka Jumatatu ya wiki ya pili ipite. Tuombe."

Hakuna aliyeitikia.

Mzee Gidamanyega ndiye aliyesema kwanza. Huyu ni Mbarbaig, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka chini ya mlima Hanang, akabatizwa uzeeni, na siku hizi analima mahindi kama sisi, ingawa bado anayatazama kama mtu aliyepewa chakula cha ugenini.

"Mvua ni moja," alisema taratibu. "Mungu hana mvua ya huko na mvua ya hapa. Ukiishika huko, hapa nayo imeshikwa. Kwetu mtu kama huyo tunamjua. Anafunga mvua."

"Mzee, ni mbali sana," Xavery alisema. "Ni ng'ambo ya bahari."

"Mvua inatoka wapi? Si inatoka baharini?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Nimechora pepo ubaoni kwa chaki za rangi mpaka vidole vikachubuka. Ningesimama dakika mbili, nikaeleza kwamba mvua ya Nakwa na mvua ya lile ziwa la chumvi hazijuani, watu wangenisikiliza, maana nusu yao walikaa kwenye madawati yangu. Sikusimama. Nilikuwa na ekari moja iliyokunja majani, na kulikuwa na kitu kitamu, naona aibu kukisema, katika kupata mtu wa kumlaumu. Nilifunga daftari la jumuiya nikasema tuimbe wimbo wa mwisho.

Habari haikukaa ndani. Kufikia Jumapili ilikuwa imefika mpaka Nangara kwa majirani zetu. Kufikia Jumatatu bodaboda wa kijiweni walikuwa wanamwita, "Mzee wa Tochi, tufungulie basi!" na kucheka, lakini waliokuwa na mashamba hawakucheka. Kila jioni mawingu yalijikusanya juu ya mlima Kwaraa, yakatutazama, yakaondoka, na kila yalipoondoka kuna mtu aliyegeuza shingo kutazama nyumba ya Xavery. Wale aliowaandikia faini walikumbuka kila shilingi. Wakasema mtu asiyesamehe hamsini na nne atashindwa nini kufunga mvua?

Aliyeumia zaidi ni Conjesta. Bombani wanawake walimwachia foleni, si kwa heshima, bali ili wasisimame naye. Alisalimia, "Habari za asubuhi," na ndoo ndizo zilizomjibu. Jumamosi iliyofuata ratiba ilionyesha kuwa jumuiya ni kwao. Anselimu alinipigia simu Ijumaa.

"Mwalimu, kesho tukutane kwa Severine."

Severine ni binti yangu, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Kesho si ni kwa Baba Michael?"

"Wewe ni katibu. Badilisha."

Nilibadilisha. Nilituma ujumbe kwa wote, isipokuwa nyumba moja. Asubuhi ile, nikipita kwenda kwa binti yangu, nilimwona Conjesta kupitia uzio wa minyaa. Alikuwa ametandika mikeka uani, amepanga vikombe, chai iko jikoni inafuka. Alikuwa amefunga kile kitambaa chake cha bluu cha kusalia. Aliniona. Hakuniita, nami sikusimama. Tulisali kwa Severine, tukaombea amani na upendo.

Siku hiyohiyo jioni tulikwenda kwao watu watatu: Anselimu, Mzee Gidamanyega na mimi. Mimi ndiye niliyependekeza twende. Nilijiambia kwamba natafuta suluhu. Kesho yake, Jumapili baada ya Misa, kulikuwa na maandamano ya kuomba mvua mashambani, na wazo langu lilikuwa kwamba Xavery aongoze sala mbele ya wote, watu watulie. Mwalimu mzima, badala ya kuwafundisha watu kwamba hakufunga, nikamtafutia njia ya kufungua.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Anselimu mlangoni.

"Milele amina. Karibuni," alijibu Xavery. Alitukaribisha kama wageni wa heshima. Chai ya asubuhi ilikuwa bado ipo kwenye chupa, tukapewa hiyo.

Anselimu alieleza. Mzee Gidamanyega akaongeza kwamba aliyefunga hufungua kwa mdomo wake mwenyewe, hakuna mwingine anayeweza kumfungulia. Xavery alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kama anayesomewa shitaka.

"Jumatatu ndiyo zamu yao ya kukimbia, siku ya mwisho," alisema. "Asubuhi ya kwao, sisi huku tukiwa tumelala Jumapili."

"Wakimbie!" Anselimu alisema. "Nani amewakataza? Wewe omba mvua tu."

"Mwenyekiti, mimi siwezi kuomba kwa mdomo tu. Nikiomba mvua, nitaiomba kweli. Sasa nitaiombaje, na yule mzee ana siku moja tu imebaki?"

"Na mimi nina siku ngapi?" Anselimu aliuliza, na hapo hakuwa na hasira tena. "Baba Michael, nenda kaangalie shamba langu. Nina siku ngapi?"

Xavery alinigeukia. Naikumbuka ile sura. Alinitazama mimi, msomi wa mkutano ule, akingoja niseme neno. Nikanywa chai.

Conjesta alisema kutoka mlango wa jikoni, hata hakutoka nje:

"Baba Michael, nimechoka kusalimia watu wasioitikia."

Xavery aligeuka kumtazama mkewe. Kisha akasema, "Haya. Kesho nitakuja."

Alikuja amevaa suti ya kustaafu na tai. Tulikuwa watu wapata mia mbili kwenye ukingo wa shamba la Anselimu, vumbi limetujaa miguuni, mahindi yanalia kwa upepo kama karatasi. Padre alikuwa ameshatubariki akaenda kigango kingine, na labda angekuwepo mengine yasingefanyika. Mzee Gidamanyega alikuwa na maziwa kwenye kibuyu. Alimwambia Xavery ashike funda moja mdomoni, aliteme ardhini, ndipo aseme. Akafanya hivyo. Maziwa yalimchuruzika kidogo kwenye tai. Kisha akapiga magoti palepale kwenye udongo.

"Ee Mungu," alisema, "ulinisikia nilichoomba. Nimekifuta. Naomba mvua. Naomba mvua nyingi, Baba. Lete mvua."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kuona mtu akiomba namna ile, na nimeishi kanisani maisha yangu yote. Tuliitikia kwa sauti iliyofika barabarani, "Ee Bwana, twakuomba utusikie!" Anselimu alimwinua, akampangusa magoti kwa mkono wake. Wanawake wawili walikwenda kumshika Conjesta mkono. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Usiku ule haikunyesha. Asubuhi, kama saa moja, nilikuwa nafagia uani nikamwona anaingia. Alikuwa bado na suruali ile ya suti, na magoti yake yana udongo.

"Mwalimu, shikilia hii," alisema, akanipa simu.

Ilikuwa video fupi. Ziwa lote lilikuwa maji. Mvua ilikuwa imeanza kwao alfajiri ya Jumatatu, saa chache baada ya sala yetu, kubwa, ya upepo. Ule weupe aliouhadithia miaka yote ulikuwa umegeuka kioo cha kijivu, na watu wamevaa makoti ya plastiki wanang'oa mahema. Yule mzee alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, analowa tu. Gari lake jembamba lilikuwa limefunikwa turubai juu ya tela, na trekta inalivuta kwenye maji kulitoa. Turubai lilikuwa limefunuka nyuma. Maandishi mekundu yalionekana vizuri.

"Unaona mwendo huo?" Xavery aliuliza. Alikuwa anatazama simu kwa jicho lile la kazini. "Ni kilomita tano kwa saa. Labda sita. Jina langu limekwenda kwa kilomita tano kwa saa, na linakwenda kuuzwa."

"Pole sana, Baba Michael."

"Ni mimi, Mwalimu. Nilipoomba isinyeshe, nilitaja mahali. Jana nilipoomba inyeshe sikutaja. Nilisema lete mvua. Sikusema lete Nakwa."

Hapo ndipo nilipoamka. Niliweka ufagio chini, nikamkalisha kwenye kigoda, nikaanza kumfundisha. Nilimweleza mifumo ya hewa ya kule na ya kwetu, nikachora dunia vumbini kwa kijiti, nikachora mstari wa ikweta na mishale ya pepo. Nilimwonyesha kwamba yale mawingu yalikuwa njiani siku nyingi kabla hajapiga goti. Nilieleza vizuri. Nadhani hakuna siku niliyowahi kufundisha vizuri vile. Alifuata kila mshale kwa macho.

Nilipomaliza akauliza, "Haya yote ulikuwa unayajua Jumamosi ile kwa Anselimu?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na juzi, tulipokunywa chai?"

"Ndiyo."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika. Aliutazama ule mchoro, akasema kwa upole kwamba anaona ni elimu nzuri, ila yeye alikuwepo pale shambani, na anajua aliomba nini na kikatokea nini. Miaka ishirini na miwili aliiamini tochi kwa sababu ilisoma kile kilichopita mbele yake. Hili nalo limepita mbele yake. Nilijua basi kwamba hakuna mshale wangu utakaolitoa ndani yake. Muda wake wa kuingia ulikuwa umepita, na niliuacha upite.

"Sasa naomba msaada mmoja," alisema. "Niandikie barua kwa yule mzee. Kiingereza changu ni cha kuombea leseni. Mwambie ni mimi niliyeomba mvua. Mwambie majirani walikuwa na shida, nikaomba, na sikutaja mahali. Mwambie anisamehe."

"Baba Michael, atakuona..."

"Andika kama nilivyosema."

Niliandika kama alivyosema. Sikuongeza wala sikupunguza, kwa mara ya kwanza katika jambo hilo zima. Akabonyeza kutuma yeye mwenyewe, akaweka simu juu ya paja. Tulikaa. Kwao ilikuwa alasiri. Nje barabarani alipita Mzee Gidamanyega na fimbo yake, akatusalimia, na alipoambiwa habari ya Australia alisimama muda mrefu akimtazama Xavery kwa woga ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Nilisema anaweza," aliniambia mimi, si yeye. Akaenda zake kwa haraka. Kabla ya mchana Nakwa nzima ingekuwa inajua kwamba Mzee wa Tochi kweli ana mvua, na kwamba ameipeleka kwa wazungu.

Simu ililia. Xavery hakuigusa, akanisogezea. Ulikuwa ujumbe mfupi wa yule mzee mwenyewe, si wa bintiye.

"Anasema nini?"

Nilimtafsiria. "Anasema usijali, rafiki yangu. Miaka kumi na tisa, sisi tumezoea. Anauliza, angalau kwenu imenyesha?"

Xavery aliinua uso kutazama juu, nami nikainua. Mbingu ilikuwa safi kuanzia mjini mpaka Kwaraa, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma bega.

"Mjibu," alisema.

Nikaandika kwamba haijanyesha.